Dolari Ishirini za Kila Ijumaa

Karte ile ya mkopo ya benki niliichukua kwa sababu ya tumbo la mama yangu. Kwa miezi mitatu lilikuwa limevimba upande mmoja, naye alilifunga kwa kitenge ili aweze kuinama shambani Kibumba, akaendelea kupalilia viazi vyake kana kwamba hakuna kitu. Nilipomleta Goma kupimwa, daktari aliniita pembeni akaniambia uvimbe ule utolewe upesi, na kwamba kwa umri wake ni afadhali apelekwe Kigali. Hospitali ya Kigali ilitaka ilipwe kwanza, ndipo mgonjwa apewe kitanda.

Wakati huo nilikuwa natunza depo, yaani ghala, ya shirika moja la misaada. Kazi yangu ilikuwa kupokea bache, yale maturubai ya mahema, ndoo, sabuni na mablanketi, kuvipanga, na kuvitoa magari yalipokuja kuvipeleka kambini. Mume wangu alikuwa amefariki, na nilikuwa na mabinti wawili wanaosoma. Mshahara wangu ulipitia benki, na benki hiyo ilikuwa imeanza kuwapa wafanyakazi wa mashirika karte ya mkopo. Unalipa nayo leo, hata nje ya nchi, halafu kila tarehe ishirini na tano benki inakata kiasi fulani kwenye mshahara wako, yenyewe, bila kukuuliza. Sharti lilikuwa moja zito. Lazima uwe na avaliseur, yaani mtu mwenye mshahara kama wewe, anayetia saini kwamba siku ukishindwa kulipa, atakatwa yeye.

Nilipita kwa wenzangu watatu kazini. Wote walinihurumia na wote walikuwa na sababu. Wa nne alikuwa muzee mmoja dereva, mtu wa maneno machache, ambaye tulizoea tu kusalimiana kwenye lango la depo. Nilimweleza huku nimeangalia chini. Aliniuliza swali moja tu, kama mama yangu bado ana nguvu ya kutembea. Nikamjibu kwamba anatembea, lakini polepole. Aliweka karatasi juu ya boneti ya gari, akatia saini, akaniambia nimpelekee mama salamu. Hawakuwa wamewahi kuonana.

Mama alipasuliwa akapona. Nilitumia dolari elfu moja na mia nane. Alipouliza nani amelipa, nilimwambia ni shirika, kwamba wafanyakazi wote wanapewa msaada huo kwa wazazi wao. Aliwaombea wakubwa wangu kanisani Jumapili tatu mfululizo, nami nilikaa kando yake nikisema amina.

Nilimdanganya kwa sababu nilijua deni lilichomfanyia baba yangu. Nilipokuwa na miaka tisa, baba alichukua mbegu za viazi kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara wa Rutshuru, akapanda, na kabla hajavuna vita vikatukimbiza. Tulikaa kambini chini ya bache, kwenye mawe meusi yanayokata miguu. Nilidhani katika hali ile hakuna mtu wa kudaiwa. Lakini mfanyabiashara yule naye alikuwa amekimbia, naye alikuwa na watoto wenye njaa, na asubuhi moja alitukuta. Kuanzia hapo alikuja karibu kila wiki. Baba alipoona kofia yake kwa mbali, aliingia ndani ya hema akalala chini nyuma ya masufuria, na mimi nilitumwa nje niseme kwamba baba hayupo. Mtu yule aliniangalia, akaangalia hema, akaketi juu ya jiwe kungoja. Alikuwa anangoja saa nzima. Nilisimama mbele yake nikisikia pumzi ya baba nyuma yangu, na niliogopa kwamba naye anaisikia. Baba alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, bila kumaliza deni lile. Mama hakupenda lizungumzwe.

Basi nilipoanza kukatwa, nilijiambia kwamba mimi si kama yeye. Deni langu linalipwa lenyewe kila mwezi, dolari tisini, wala sina haja ya kujificha. Mwezi wa nne nikaenda benki kuomba extrait, ile karatasi inayoonyesha hali ya deni. Nilikuwa nimekwisha kukatwa mia tatu na sitini. Nikatafuta chini ya karatasi nione deni limefika wapi. Lilikuwa limeshuka kwa chini ya mia mbili.

Nilifikiri wamekosea. Mama wa kwenye guichet, lile dirisha la kuhudumia wateja, mwanamke wa rika langu mwenye miwani, alinieleza taratibu, kwa kidole, mstari kwa mstari. Karibu nusu ya kile wanachokata inakwenda kwenye faida ya benki. Inayobaki ndiyo inayopunguza deni lenyewe. Nikiendelea hivyo, itachukua karibu miaka miwili na nusu.

Miaka miwili na nusu, Goma! Hapa mtu hawezi kuahidi wiki mbili. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa wa miezi sita sita. Katika depo nilikuwa natoa bache kwa watu ambao mwezi uliopita walikuwa na nyumba za mbao na ng'ombe. Nikamwona kichwani mwangu yule muzee dereva akikatwa mshahara wake kwa sababu ya mtu aliyemsalimia tu langoni.

Mama wa guichet aliivuta karatasi kwake. Akasema kuna njia. Siku yoyote naweza kuja na pesa mkononi nikalipa juu ya ile inayokatwa. Ile ya mkononi, alisema, inakwenda moja kwa moja kwenye deni, na deni likipungua, faida nayo inapungua.

"Kidogo kidogo, mama," aliniambia. "Hata dix dollars, kumi tu. Usingoje ikuwe mingi."

Nilianza Ijumaa iliyofuata. Dolari ishirini. Niliacha kupanda moto, pikipiki za abiria, kwenda kazini, nikawa natembea kutoka Keshero mpaka depo, asubuhi na jioni. Niliacha kula mchana. Jumamosi niliuza unga kwa kipimo mbele ya nyumba. Kila Ijumaa saa sita nilikuwa kwenye guichet na noti yangu, na mama mwenye miwani alinipa kipande cha karatasi chenye mhuri, nikakiweka ndani ya Biblia, maana mama yangu, hata alipokuja kututembelea kutoka Kibumba, hakujua kusoma na asingeifungua.

Mwezi wa pili wa malipo hayo nilifanya kosa. Tarehe ishirini na tatu nilikuwa na dolari tisini za kodi ya nyumba, na nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana. Nikizilipa zote leo, nilijiambia, benki itaona mwezi huu nimekwisha kulipa, haitanikata, na kodi nitaitoa kwenye mshahara ukiingia. Nikalipa. Tarehe ishirini na tano wakanikata tisini vilevile. Nilikimbilia benki. Mama wa guichet hakucheka. Alisema malipo ya mkono yanapunguza deni tu, hayazuii kukatwa. Mashine inakata siku yake hadi deni liishe, hata ulipe nini kabla. Ilikuwa kosa lake, alisema, kutoniambia mapema.

Mwenye nyumba wangu alikuja tarehe moja. Binti yangu mdogo alikuwa mlangoni akichambua mboga za lengalenga. Nilimsikia yule baba akiuliza kama niko, na kabla sijajua ninafanya nini nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la chumba, nimeshika pumzi. Binti yangu aligeuka ndani akaniona. Sitaki kuandika mengi juu ya uso wake. Nilitoka, nikamwambia mwenye nyumba ukweli wote, na akanipa wiki tatu. Nililipa kodi, lakini baada ya hapo kila hatua ya mtu kwenye kokoto za uwanja wetu ilinishtua.

Miezi ikapita, na deni likawa linashuka kweli. Elfu moja na mia tatu. Elfu moja na mia moja. Nilikuwa naandika namba kwenye ukurasa wa mwisho wa Biblia. Na kadiri namba yangu ilivyoshuka, mizinga ya vita ilikaribia. Mwanzoni ilikuwa mbali, upande wa Masisi, kama mtu anayeburuta pipa. Halafu ikawa upande wa Kibumba. Jumatano moja mchana mama yangu alifika mlangoni na dada yangu na watoto sita wa dada, wamebeba godoro na jembe moja. Mama alikuwa ameshika tumbo, pale kwenye kovu. Viazi vilikuwa bado ardhini, alisema, wiki mbili tu vingekuwa tayari.

Tukawa watu kumi na moja ndani ya vyumba viwili. Depo ilikuwa inafunguliwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Watu waliokimbia vita walikuwa wamejaa kuelekea Lac Vert, pembeni mwa barabara yote ya Sake, na bache zilikwisha kabla hata hazijapangwa. Muzee dereva alihamishiwa Beni pamoja na gari lake. Aliniaga langoni, akaniambia nijitunze. Nilitaka kumwambia kuhusu Ijumaa zangu, kwamba saini yake iko salama, lakini gari lilikuwa tayari linanguruma.

Ijumaa ya mwisho naikumbuka saa kwa saa. Mshahara ulikuwa umeingia siku mbili kabla ya siku yake, nami nilikuwa nimetoa sehemu kubwa kwenye mashine ya ukutani. Ndani ya sidiria nilikuwa na dolari mia tatu na arobaini. Deni lilikuwa mia sita na ishirini. Asubuhi hiyo mizinga ilisikika kutoka pande mbili, na shirika lilituambia tusije kazini. Nilikaa juu ya kitanda nikifikiri. Nikifa leo, nilifikiri, watamkata muzee mia sita na ishirini. Nikilipa mia tatu, watamkata nusu. Sikufikiri juu ya chakula. Hofu yangu yote ilikuwa imeingia ndani ya namba ile, labda kwa sababu ile ndiyo pekee niliyoweza kuishusha. Mizinga nisingeweza kuifanya kitu.

Nilitembea mpaka benki. Mstari ulianzia mlangoni, ukazunguka kona, ukafika karibu na rond-point, pale barabara zinapokutana. Watu walikuwa na mifuko, wengine na watoto mgongoni. Hakuna aliyepiga kelele. Kila mlio ulipokuja, vichwa vyote viliinama pamoja kidogo, kisha vikainuka. Nilisimama saa tatu. Mwanaume mbele yangu aliniuliza ninataka kutoa ngapi, kwa sababu walikuwa wanatoa mwisho mia mbili kwa mtu. Nilimwambia sikuja kutoa, nimekuja kulipa. Alinitazama kwa muda, kisha akageuka mbele, na nilimwona akisogea hatua moja mbali nami.

Mama wa guichet alikuwa amevua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilisukuma mia tatu chini ya kioo na kipande changu cha karatasi chenye namba ya karte. Alizitazama noti, hakuzigusa.

"Uko na batu ngapi kwa nyumba?" akaniuliza.

Nikasema kumi na moja.

Alizisukuma zirudi upande wangu. Akanisogelea kwenye tundu la kioo na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, beba hii makuta yako, wende nayo. Ile deni haitakimbia. Sisi hatujue kama Jumatatu tutafungua."

Nikamwambia kuhusu muzee, kwamba kuna mtu aliyenitilia saini. Akasema anajua, yeye ndiye aliyeandika jina lake. Akasema muzee yule, kama angekuwa hapa, angenirudisha nyumbani pia. Kisha akamwita mtu wa nyuma yangu.

Nilirudi nyumbani na pesa kifuani, na nilihisi kama nimeiba. Njiani nilinunua unga, maharage na mafuta ya mawese, nikabebesha kwenye tshukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Bei zilikuwa zimepanda mara mbili tangu asubuhi.

Jumatatu mji ulianguka mikononi mwa waasi. Tulilala chini kwa siku nne, magodoro yakiwa yameegemezwa kwenye kuta za mbao, watoto katikati. Umeme ulikatika, na maji pia. Mama yangu aliimba kwa Kinyarwanda, polepole sana, wimbo wa kubembeleza watoto, na risasi zilipokaribia hakuacha kuimba ila alishusha sauti. Tulikula unga ule na maharage yale. Nyumba ya tatu kutoka kwetu ilipigwa na bomu, na mama mmoja aliyeniuzia mkaa kila siku alifia uwanjani. Zile dolari mia tatu ndizo zilizotulisha wiki zile zote. Nikiwa nimelala pale, uso kwenye saruji, nilifikiria guichet, na nilifikiria kwamba kama mwanamke yule angepokea pesa zangu, watoto wa dada yangu wangekuwa wanalia njaa.

Benki hazikufunguliwa. Si Jumatatu hiyo, si mwezi huo. Shirika lilisimamisha kazi, na ujumbe ulifika kwenye simu kwamba mikataba yetu imekwisha. Nilikwenda mara moja kutazama benki. Mlango ulikuwa na mnyororo. Mlinzi aliyeketi mbele alisema yeye mwenyewe hajui anachokilinda. Nilimuuliza kama anajua habari za mama mwenye miwani. Alisema alivuka barriere, mpaka wa Rwanda, kwenda Gisenyi na watoto wake, na zaidi ya hapo hajui.

Katika kichwa changu nilijipa faraja ya kijinga. Benki imefungwa, basi na deni limefungwa. Wiki nane nilikaa na wazo hilo. Kisha mchana mmoja simu ikalia. Alikuwa muzee, kutoka Beni.

Alinisalimia kwa muda mrefu. Aliuliza watoto, aliuliza mama, aliuliza kama tuna maji. Nilijua tayari. Mwishoni akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba huko Beni benki inafanya kazi, na mwezi huu kwenye mshahara wake zimekosekana dolari tisini.

"Sikukupigia juu ya kukugombeza," alisema. "Nilitaka ujue tu. Na mimi niko napanga nyumba huku, mama, na watoto wanasoma."

Nilimwambia nitalipa. Sikujua kwa nini, lakini nilikuwa nimesimama wima kama mtu mbele ya hakimu. Tulipatana hivi. Nitamtumia kwa simu kila Ijumaa kile nitakachopata, yeye atakipeleka guichet ya Beni na kulipa juu ya deni la karte yangu. Haitazuia yeye kukatwa, nilimweleza, maana somo hilo nilikuwa nimelijua kwa gharama. Njia pekee ya kumtoa pale ilikuwa kulimaliza deni upesi, kabla hajakatwa mara nyingi. Zile alizokwisha kukatwa nitamrudishia baadaye, polepole. Alisema sawa.

Nilipogeuka, mama yangu alikuwa amesimama nyuma yangu na sufuria mkononi. Nilikuwa nimezungumza Kiswahili, na alikuwa amesikia yote, jina la Kigali, na neno tumbo.

Aliweka sufuria chini. Aliuliza, "Ile feza haikuwa ya shirika?"

Nikasema haikuwa.

"Ilikuwa ngapi?"

Nikamwambia. Aliketi juu ya kigoda, akafunua kidogo kitenge, akagusa kovu lake kama mtu anayegusa kitu cha mwingine. Nilingoja anigombeze. Aliniuliza tu ni nani huyo anayekatwa, na kama ana mke. Nilipomwambia ndiye aliyempelekea salamu, alifunika uso. Alisema maneno machache kwa Kinyarwanda, na jina la baba yangu lilikuwa ndani yake. Kisha akainuka akaenda kupika.

Nilianza upya na dolari ishirini zangu, ambazo sasa zilikuwa ngumu kupatikana mara kumi. Nilinunua mfuko wa unga soko la Virunga, nikauza kwa vikopo. Mawakala wa simu hawakuwa na pesa, na noti yenye mkwaruzo mdogo hawakuipokea. Ijumaa nyingine nilizunguka mpaka Birere kutafuta wakala mmoja wa kupokea noti yangu. Mwezi uliofuata muzee alikatwa tena. Hakunipigia, niliuliza mwenyewe.

Asubuhi moja ya Jumanne niliamka, mama hayupo. Jembe halikuwepo pia. Dada yangu alilia, akakiri kwamba mama alimwapisha asiseme. Alikuwa ameondoka alfajiri na wanawake wawili wa Kibumba, kwa miguu, kwenda kutazama kama viazi vyao bado viko ardhini.

Kilomita karibu thelathini, mtu wa miaka sitini na minane aliyepasuliwa tumbo mwaka mmoja na kidogo tu uliopita. Kule kulikuwa na mabomu yasiyolipuka mashambani. Wiki ile tu walikuwa wamemleta hospitalini mwanamke mmoja aliyepiga jembe juu ya chuma kikamlipukia. Nilikwenda mpaka njia ya kutokea mjini nikasimama pale tangu asubuhi mpaka jua kuzama, nikimtazama kila mama aliyekuja na mzigo. Siku ya pili vilevile. Niliuliza wapanda moto waliotoka juu, upande wa Kibumba. Mmoja alisema kumetulia, mwingine alisema amesikia milio. Nimeogopa mambo mengi katika maisha yangu, lakini siku zile mbili hazifanani na nyingine. Niliogopa kwamba mama angekufa kwa sababu ya deni ambalo nilikuwa nimelichukua ili asife.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, fuso lililopakia mbao lilisimama, na mama akashuka kwa nyuma, akishikwa mkono na wale wenzake wawili. Walikuwa na mifuko saba. Mitatu ilikuwa ya kwake. Mikono yake ilikuwa imepasuka, na miguu ilikuwa na udongo mweusi mpaka magotini. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpigia kelele. Sikufanya hata moja. Nilichukua jembe kutoka mkononi mwake.

Aliniambia baadaye kwamba walichimba kwa mikono karibu yote, kwa kuogopa jembe. Walikwenda kwa magoti, wakipapasa kwanza. Nyumba yake haikuwa na paa tena. Kwenye barriere mbili, vizuizi vya njiani, walitoa viazi kama ushuru.

Mifuko ile mitatu, tukiondoa ya kula na ya fuso, ilitoa dolari themanini na tano. Alizikunja akaniwekea mkononi.

"Weka hii juu ya ile yako," alisema. "Huyo papa asikatwe tena."

Nilizituma Ijumaa hiyo zote kwa mara moja, ishirini zangu na themanini na tano zake. Muzee alikatwa mara mbili zaidi, na mara ya mwisho walichukua dolari thelathini na moja tu, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimebaki. Alikwenda guichet akaomba karatasi, akaipiga picha, akanitumia. Jina langu lilikuwa pale, namba ya karte, na chini kabisa sifuri; zilizobaki ni zile alizokatwa yeye tu, za kumrudishia polepole.

Nilimsomea mama. Hakuuliza juu ya jina langu. Alitaka nimwonyeshe mahali palipoandikwa jina la muzee. Nilimweleza kwamba halipo tena, na kwamba kutokuwepo kwake ndiko kuzuri. Alinifanya niisome mara ya pili ili ahakikishe.

Kisha akasema nimpigie huyo papa. Nilimpa simu. Alitoka nayo nje, akaketi kwenye kizingiti, mgongo kwetu. Halafu nikasikia akisema yeye ndiye yule mama wa Kigali. Walizungumza muda mrefu, mpaka salio langu likaisha. Nilipomuuliza walisema nini, alinijibu kwamba muzee yule naye ni mtoto wa wakulima, wa upande wa Lubero, na kwamba walikuwa wanaulizana mbegu gani za viazi zinavumilia baridi.